Hila ya karata haimo katika kugeuza, imo katika kumaliza

Mwanzo wa ngoma ni lele, walinena wahenga, na kwa usemi huo wakatufunza kuzichunguza dalili za mwanzo. Mafunzo hayo tumeyashika vyema. Mgeni akibisha hodi tunamtazama kuanzia unyayo hadi utosi. Mfanyabiashara akitandaza bidhaa zake tunaikagua mizani kabla ya kutoa senti. Jambo linapofikia tamati, hata hivyo, huwa tumekwisha kupumua na macho yetu yamekwisha kwenda kwingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo tunapoibiwa, na kwamba fundi mmoja anayeijua siri hiyo barabara kuliko wanasiasa na wafanyabiashara wote ni yule anayegeuza karata mkononi.

Suala hili liliibuka katika mazungumzo na wanafunzi mjini Isiolo, mahali ambapo barabara zitokazo Nanyuki na Meru huungana na ile ndefu iendayo Marsabit hadi Moyale. Mji huo ni wa wasafiri. Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana hukutana humo, na lugha inayowawezesha kuuziana mbuzi, miraa na nguo ni Kiswahili. Palipo na wasafiri wengi wenye fedha mfukoni hapakosi mwenye karata tatu. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, niliikodolea macho ile karata tangu mwanzo. Niliiona malkia ikiwekwa upande wa kushoto. Sasa iligeuka lini?" Wenzake waliangua kicheko, lakini swali lenyewe halikustahili kuchekwa. Lilikuwa swali la kitaaluma, na jibu lake lina manufaa kwa kila mtu anayefundisha au kusoma lugha.

Kabla ya kulijibu, inafaa tuikague istilahi yenyewe, kwani maneno ya karata katika Kiswahili yana historia ya kuvutia. Neno karata limetokana na Kireno, na majina ya aina nne za karata yanafichua asili hiyo hiyo: kopa, pau, uru na shupaza ni watoto wa maneno ya Kireno copas, paus, ouros na espadas. Mabaharia wa Vasco da Gama waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na hasa wale waliowafuata, waliacha katika pwani yetu ngome, meza, leso na mchezo huu. Lakini sanaa ya kumdanganya mtazamaji haikungoja kuletwa na merikebu. Wenyeji walikuwa na maneno yao wenyewe. Neno mazingaombwe lina mwangwi wa kitenzi zinga, yaani kuzunguka au kugeuka. Neno kiinimacho linataja sehemu ya mwili inayoshambuliwa. Na neno mizungu, ambalo vijana wa leo hawalisikii sana, lilimaanisha mambo ya ajabu, werevu na mbinu za siri ambazo mwari hufunzwa unyagoni. Ni dhahiri basi kwamba Waswahili waliutambua uhusiano baina ya hila, kugeuka na jicho zamani sana.

Turejee katika swali. Mchezo ambao mwanafunzi yule aliushuhudia huitwa pata potea nchini Kenya, na huko Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la karata tatu. Mchezeshaji huweka karata tatu juu ya kijimeza au kipande cha boksi, moja ikiwa ndiyo ya ushindi, tuseme malkia wa kopa, na mbili zikiwa za kawaida. Huzionyesha, huzilaza kifudifudi, huzihamisha huku na kule, kisha huwaalika watu waweke fedha juu ya ile wanayodhani kuwa malkia. Wale wanaoonekana kushinda kabla yako ni wenzake waliojichanganya na umati. Yule anayekunong'oneza kwamba ameiona ni mwenzake pia. Hata yule anayeipinda ncha ya malkia wakati mchezeshaji amegeuza uso, ili wewe uitambue kwa urahisi, ni mwenzake. Na fedha zako zikishatua mezani, pindo lile litaonekana kwenye karata nyingine.

Hila ya msingi ni nyepesi mno kiasi cha kuhuzunisha. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, zikiwa zimeachana kidogo, na malkia ikiwa chini. Anapotupa karata mezani, kila mtazamaji hudhani kwamba ile ya chini ndiyo itakayoanguka, kwa sababu ndivyo vitu vinavyoanguka duniani. Mara mbili tatu za kwanza inaanguka hiyo hiyo ya chini, na mtazamaji anazoea. Mara ya nne, kwa mwendo ule ule wa mkono, kidole huiachilia ya juu. Malkia inabaki mkononi na kutua baadaye mahali pengine. Mwandishi aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye jina lake halisi linabishaniwa mpaka leo, aliyaeleza mambo haya kinaganaga katika kitabu kilichochapishwa Chicago mwaka 1902, na tangu wakati huo hakuna fundi wa karata anayeweza kudai kwamba hayo ni siri.

Ikiwa hila ni nyepesi hivyo na imekwisha kuchapishwa kwa zaidi ya miaka 120, mbona ingali inawanasa watu? Hapa ndipo tunapoufikia moyo wa suala letu. Jicho la binadamu si goigoi. Lina uwezo wa kunasa mwendo wa haraka, nalo huamka hasa linapoona mwendo uliobadilika ghafla. Mchezeshaji asiyehitimu hukamatwa mara chache anapoitupa karata. Hukamatwa sekunde moja baadaye. Akishaitupa ile ya juu, mkono wake hushtuka kama mkono wa mtoto aliyetoka kudokoa sukari. Vidole hukazana. Pumzi hukatika. Macho hutoroka kuelekea malkia ilipo kweli. Au huharakisha kuzizungusha karata ili tukio lisahaulike, na haraka hiyo ndiyo inayolikumbusha. Fundi aliyehitimu hufanya kinyume. Akishatupa, mkono wake unaendelea na safari yake kwa kasi ile ile, unatua, unapumzika, kisha unaanza kuzihamisha karata polepole mno, ili kila mtu azifuate. Upole huo wa baadaye ndio unaomshawishi mtazamaji kwamba hapakuwa na jambo. Mtu anafuata kwa uangalifu mkubwa karata ambayo tangu hapo si yake.

Sheria hiyo ndiyo inayotawala pia katika jukwaa la mazingaombwe ya halali, ambako hakuna anayepoteza fedha ila ya kiingilio. Chukua mfano wa kugeuza karata mbele ya hadhira. Fungu la karata limo katika mkono wa kushoto, uso wa karata ya mbele ukiwaelekea watazamaji: ni saba ya shupaza. Mkono wa kulia unapita juu yake kama unaopangusa vumbi, unaondoka, na saba ya shupaza imekuwa malkia wa kopa. Kwa kuwa si karata iliyobadilika bali karata nyingine iliyowekwa juu ya ile ya kwanza, kazi yote ya siri imetendeka chini ya kiganja. Mwanagenzi hujifunza kitendo hicho kwa wiki chache. Kumaliza kitendo hicho bila kutia shaka huweza kumchukua miaka.

Makosa ya mwanagenzi wakati wa kumaliza ni matatu, nayo yanafanana popote duniani. Kwanza, huunyakua mkono wake kwa ghafla mara karata mpya inapokaa, kana kwamba fungu limemchoma. Pili, huuonyesha mkono wake kwa fahari, vidole vikiwa vimetanuliwa, akisema kwa mwili kama si kwa maneno: tazameni, sina kitu. Lakini nani alikuwa amemshtaki kuwa ana kitu? Ajitetee asiyeshtakiwa, na hakimu ataanza kumshuku. Tatu, huendelea kuutazama mkono uliotenda, naye mtazamaji, ambaye kwa desturi ya kibinadamu hutazama palipotazamwa na mwenzake, huufuata mkono huo hadi penye ushahidi.

Fundi humaliza vingine. Mkono wake hauondoki upesi. Huteleza kuelekea chini taratibu, ili karata mpya ijitokeze kidogo kidogo mithili ya jua linalochomoza nyuma ya kilima. Vidole hubaki vimelegea. Mkono ukishatoka, huwa na shughuli ya kuufanya uende mahali: kuelekeza, kukunja mkono wa shati, kupokea kitu kutoka kwa mtazamaji. Macho yake huondoka kwenye karata na kuwatazama watu usoni, kama mtu anayeshiriki nao mshangao. Na iwapo kuna karata ya ziada inayopaswa kurudishwa mahali pake, hairudishwi papo hapo. Husubiri hadi watu wamecheka, wamegeukiana na kuulizana, kwani katika muda huo umakini hushuka. Ndipo, katika kuliweka sawa fungu au kumkabidhi mtu alichanganye, ushahidi hutoweka.

Mabingwa waliojitolea maisha yao kwa sanaa hii wamelieleza jambo hilo kwa namna mbalimbali. Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1894 na kuaga dunia mwaka 1992, ambaye wenzake walimpa lakabu ya Profesa, alisisitiza maisha yake yote kwamba mkono ushikao siri ufanane na mkono usioshika siri. Unyofu huo, kwake, haukuwa wa namna moja kwa wote. Kila mtu alitakiwa autafute katika mwendo wake mwenyewe wa kila siku. Mhispania Arturo de Ascanio, wakili kwa taaluma aliyeishi kuanzia mwaka 1929 hadi 1997, alifundisha kwamba kitendo cha siri kifanywe njiani, mkono ukiwa unaelekea kwenye shughuli nyingine iliyo wazi, kwa sababu watu hukumbuka safari ilikofika na kusahau vituo ilikopita. Alifundisha pia kwamba kati ya hila na matokeo yake paachwe nafasi ya kusahau. Mtazamaji akitafuta baadaye sababu ya ajabu aliyoiona, ataitafuta karibu na ajabu yenyewe, na haitakuwapo hapo.

Wanasayansi nao wamelipima. Mwaka 2006 watafiti wawili nchini Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo mtu alirusha mpira juu mara mbili, na mara ya tatu akajifanya kuurusha huku akiuficha kiganjani. Alipoinua macho kuufuata mpira usiokuwapo, takriban theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona ukipaa na kutoweka hewani. Alipoyaacha macho yake yatazame mkono ulioficha mpira, walioona hivyo walikuwa takriban theluthi moja tu. La kustaajabisha zaidi ni kwamba vyombo vilivyofuatilia mboni za watazamaji vilionyesha kuwa wengi wa waliodanganyika hawakutazama juu ambako walidai kuuona mpira. Walikuwa wakitazama uso wa mrushaji. Macho hayakudanganyika; waliodanganyika ni wenye macho, kwa kuwa waliisoma nia ya mwenzao na kuiamini. Mwanafunzi wa Isiolo, basi, hakuwa na kasoro ya macho. Alifanya ambalo binadamu hulifanya katika kila mazungumzo: aliutegemea mwili wa mwenzake umwambie jambo limekwisha au lingaliko.

Hapo somo la karata linaingia katika uwanja wa isimu. Mwaka 1973 wanazuoni wa Kimarekani Emanuel Schegloff na Harvey Sacks walionyesha kwamba mazungumzo hayakatiki tu. Wazungumzaji huyafikisha mwisho kwa ushirikiano, kwa hatua zinazotambulikana. Msomaji anaweza kuhakikisha hayo kwa kusikiliza simu yoyote ya Kiswahili. Mmoja husema, "Haya." Mwingine hujibu, "Haya basi." Wa kwanza huongeza, "Wasalimie nyumbani." Wa pili, "Zimefika." Ndipo simu hukatwa. Neno haya pale halina habari yoyote. Ni mkono unaoteleza taratibu kutoka kwenye fungu la karata. Humwambia mwenzako kwamba hakuna jipya lijalo, apunguze umakini, ajitayarishe kuondoka. Anayekata simu bila haya husemekana kuwa amekasirika, na huenda akapigiwa tena kuulizwa kulikoni. Hali kadhalika, msimulizi wa ngano hawezi kunyamaza tu baada ya zimwi kufa. Sharti atamke maneno ya kufungia, hadhira ijue kwamba imerudishwa duniani.

Faida ya ada hizo ni kubwa, na hatari yake iko papo hapo. Kwa kuwa tumezoea kulegeza umakini tusikiapo haya basi, yeyote anayetaka tusitazame anaweza kutamka haya basi. Katibu wa mkutano husema, "Nadhani hapo sote tumekubaliana, tuendelee," na ajenda ambayo haikujadiliwa huwa imepita. Muuzaji huandika bei, hutabasamu, hukunja karatasi na kuuliza habari za watoto. Mwandishi wa insha, naye, akishindwa kuthibitisha hoja yake, huanza aya kwa maneno "ni wazi kutokana na maelezo hayo kwamba", na msomaji mchovu hupita akidhani uthibitisho alikwisha kuusoma. Mkono umeteleza, vidole vimelegea, macho yametazama kwingine.

Kiswahili kina chombo kingine cha kumalizia, nacho kimo ndani ya kitenzi. Tazama jozi hizi: geuza na geuka, poteza na potea, vunja na vunjika, mwaga na mwagika. Katika upande wa kwanza mtendaji yupo: Juma amevunja kikombe. Katika upande wa pili ametoweka: kikombe kimevunjika. Hata kauli ya kutendwa humwachia mlango mtendaji, kwani ukisema kikombe kimevunjwa, msikilizaji anaweza kuuliza, "Na nani?", nawe ukalazimika kujibu. Ukisema kimevunjika, swali hilo halina pa kukaa. Kikombe kimejivunjikia. Kila mtoto wa Kiswahili huifahamu tofauti hiyo kabla hajaanza shule, hasa kama amewahi kuvunja kikombe.

Kumaliza vyema kitendo cha kugeuza karata ni kuufanya mkono uzungumze kwa upande huo wa pili. Mwanagenzi anayenyakua mkono anasema: nimeigeuza. Fundi anayeuacha mkono uteleze, utue na upumzike anasema: imegeuka. Ufundi wote wa miaka ile ni wa kukiondoa kiambishi cha nafsi katika tendo.

Sasa litazame tena jina la mchezo wa mtaani. Unaitwa pata potea. Haukuitwa pata poteza. Anayepata ni wewe, mtendaji kamili, mwenye bahati na macho makali. Likija upande wa hasara, mtendaji hayupo. Fedha hazikuchukuliwa na mtu. Zimepotea, kama mbuzi aliyepotea malishoni. Wengi walioibiwa karo, nauli au fedha za mifugo hurudi nyumbani na sentensi hiyo hiyo kinywani: "Pesa zimepotea." Hawasemi, "Nimeibiwa." Jina la mchezo limekwisha kuwaandalia maelezo, nao wanayatumia, kwa kuwa yanawafichia aibu wao na yanamfichia kosa mwizi. Hicho ndicho kilele cha kumaliza: aliyenyang'anywa humsitiri aliyemnyang'anya, kwa sarufi safi.

Wala hawaishii hapo. Mchezeshaji wa pata potea ana mwisho mwingine, mkubwa kuliko ule wa mkono. Mtu akishapoteza fedha nyingi na kuanza kupandisha sauti, mmoja wa wale wenzake hupiga ukelele, "Polisi!" Kufumba na kufumbua, boksi limeanguka, karata zimetiwa mfukoni, umati umetawanyika, na mlalamikaji mwenyewe amekimbia, kwa sababu naye alikuwa akicheza kamari hadharani na anahofia kukamatwa. Hakuna mwisho unaoonekana wa kawaida zaidi ya huo. Hakuna aliyefukuzwa wala aliyekataliwa kurudishiwa fedha. Mchezo umevunjika tu.

Hapa ndipo unapopita mpaka kati ya sanaa na wizi, na walimu wanapaswa kuuonyesha wazi. Mkono wa mwanamazingaombwe na mkono wa tapeli hutenda jambo moja, tena huenda walijifunza katika kitabu kimoja. Tofauti huonekana tamasha linapokwisha. Wa kwanza amekuahidi kukudanganya, ametimiza ahadi, na mwishoni anakurudishia karata yako, pete yako na noti yako ya shilingi mia, nawe unaondoka ukiwa na kila ulichokuja nacho pamoja na kicheko. Wa pili amekuahidi mchezo wa haki. Sheria yetu haikosi jina la kitendo hicho: kifungu cha 315 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhesabu kuwa mkosaji anayejipatia mali ya mwenzake kwa hila au mbinu ya ulaghai, na adhabu yake huweza kufikia kifungo cha miaka mitatu. Sheria, kama ionekanavyo, haikubali kwamba fedha zimepotea. Inamtafuta mtendaji.

Yamkini msomaji atadhani kwamba mambo haya ni ya vituo vya matatu peke yake. La hasha. Karata tatu za siku hizi zimo katika simu. Ujumbe bandia huingia ukidai kwamba umetumiwa fedha, baada ya dakika chache sauti ya unyenyekevu inapiga: "Samahani mama, nimetuma kwa makosa, tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitalini." Ujumbe ule ndio karata iliyobadilishwa. Simu ile ndiyo mkono unaoteleza. Inakuja baadaye kidogo, kwa sauti ya kawaida, ikiwa na sababu ya kibinadamu, nayo inakupa kazi ya kufanya ili usipate nafasi ya kutazama salio lako. Anayejua kwamba hila humalizikia katika utulivu atatazama salio kwanza, kisha atasikiliza huruma.

Kuna watakaopinga. Mzazi atasema kwamba karata ni kamari, na kamari ni haramu. Mwingine ataogopa kwamba mazingaombwe ni mlango wa uchawi. Wa tatu atahofia kwamba tukiwafundisha wanafunzi hila tutawazalisha matapeli. Hoja hizo zinastahili heshima. Kuhusu ya kwanza, hakuna haja ya karata za kamari darasani. Mwalimu wa Kiswahili hukata vipande vya manila kila wiki ili aandike maneno. Vipande hivyo vinatosha. Kuhusu ya pili, hakuna dawa ya hofu ya uchawi iliyo bora kuliko kuonyeshwa kidole kilichotenda. Na kuhusu ya tatu, matapeli wamekwisha kufundishana bila ya msaada wetu. Wanaokosa somo ni watoto wa watu waaminifu.

Somo lenyewe laweza kuwa hivi. Mwalimu aandike geuza katika kipande kimoja cha manila na geuka katika kingine, avibadilishe mbele ya darasa mara mbili: mara ya kwanza kwa kuunyakua mkono, mara ya pili kwa kuutelezesha huku akiwatazama wanafunzi na kuwauliza jambo. Awaulize ni wakati gani walishuku, na kwa nini. Kisha awape kazi ya kukusanya kutoka magazetini na redioni sentensi kumi za aina ya "fedha zimepotea", "makosa yametokea", "mradi umekwama", "faili imetoweka", na kuzirejesha katika upande wa mtendaji, wakijaza nafasi ya kiima kwa jina au kwa alama ya kuuliza. Mtaala wetu wa umilisi unataka ufikiriaji wa kina na utatuzi wa matatizo. Zoezi hilo linatoa vyote viwili kwa gharama ya manila moja, na papo hapo wanafunzi wanajifunza mnyambuliko wa vitenzi bila kupiga miayo.

Shime basi, walimu na wanafunzi. Tusichoke kuchunguza mianzo, lakini tusiyapumzishe macho mara tu tunaposikia haya basi. Sauti inapolainika, mkono unapopumzika na kila kitu kinapoonekana kuwa kama kawaida, ndipo pa kukiuliza kitenzi swali lake. Imegeuka? Nani ameigeuza? Zimepotea? Nani amezipoteza, na sasa ziko mfukoni mwa nani?